Nguo za kichanga kwa laki moja, Dodoma

Naanza na pesa, maana ndiyo iliyotuamulia mengi. Mimi ni fundi rangi. Kipindi hicho kazi nyingi zilikuwa Mtumba, kwenye majengo ya Mji wa Serikali, na fundi rangi siku zote ni mtu wa mwisho: plasta ikichelewa, umeme ukichelewa, wewe uko nyumbani unaangalia simu. Mke wangu alipoingia mwezi wa nane wa ujauzito nilikuwa nyumbani naangalia simu. Kodi ya chumba chetu Nkuhungu ilikuwa imelipwa, unga ulikuwepo, lakini kwa ajili ya mtoto hatukuwa na hata kitambaa. Tulikaa na daftari, tukatoa vifaa vya kujifungulia, tukatoa nauli, tukatoa na ile akiba ya dharura ambayo nesi wa kliniki alitusisitiza tusiiguse. Iliyobaki kwa nguo, nepi na sabuni ya kufulia ilikuwa laki moja.

Laki moja ilitosha, na chenji ikabaki. Ila isingetosha kama tungefuata zile orodha zinazozunguka kwenye simu, za kila kitu dazeni, zilizoandikwa na mtu ambaye maji kwake yanatoka saa ishirini na nne.

Kwa nini tulisubiri mpaka mwezi wa nane? Mama mkwe. Yeye ni mtu wa Mpwapwa, na kwao nguo za mtoto hazinunuliwi mtoto hajazaliwa, ni kumchuria. Mke wangu haamini sana mambo hayo lakini hakutaka lawama, na mimi, kusema kweli, nilifurahi kupata sababu ya kutotoa hela. Halafu presha ikapanda. Kliniki wakamwambia apumzike, asikae juani, asipande daladala bila sababu ya maana. Wakatuambia pia kwamba kwa presha ile mtoto anaweza kulazimika kutolewa kabla ya siku zake. Hapo kuchuria kukaisha nguvu. Mama mkwe alipopigiwa simu alinyamaza kidogo, akasema, "Basi baba, nunua. Lakini usizipange kabatini, ziache kwenye mfuko." Hatukuwa na kabati, kwa hiyo tulielewana.

Kama kwenu nako kuna wazee wa namna hiyo, zungumza nao mapema uombe angalau mwezi mmoja kabla. Nguo za mtumba zinataka kufuliwa, kuanikwa na kupigwa pasi, na hiyo si kazi ya kumwachia mzazi aliyetoka leba jana.

Nilianzia duka moja la vitu vya watoto mjini. Dada wa dukani akanipokea vizuri, "Karibu baba kijacho," akanishushia boksi lenye nailoni mbele: shati, suruali, kofia, glovu, soksi, bibu na kiblanketi, vyote rangi moja ya maziwa, vimepangwa kama keki. Elfu arobaini na tano. Nikalipiga picha boksi nikamtumia mke wangu, naye akajibu kwa mioyo mingi. Nilipomtajia bei, kimya.

Jioni alilia. Hakulilia boksi. Alikuwa ameshinda ndani wiki nzima na miguu imevimba, na jambo ambalo mama kijacho yeyote hulisubiri, kuchagua nguo za mwanawe kwa mikono yake, alikuwa anafanyiwa kwa picha na mwanamume anayenuka rangi. Hilo sikulifikiria nilipotoka na orodha mfukoni nikijiona shujaa. Nitaeleza mbele tulivyolitatua, kwa sababu kulikuwa na njia, tena haikutugharimu kitu.

Aliyetuweka sawa kwenye hesabu ni jirani wa mlango wa pili, mama wa watoto wanne. Alikuja kumjulia hali mgonjwa, akaona daftari limeandikwa nepi dazeni tatu, nguo za ndani dazeni, ovaroli dazeni. Hakuuliza tuna shilingi ngapi. Aliuliza, "Mna madumu mangapi ya maji humu ndani?"

Nguo za kichanga, alivyotuelewesha, hazihesabiwi kwa siku atakazovaa. Unahesabu atakazochafua kati ya kufua na kufua. Kichanga akishaanza kunyonya sawasawa anakojoa mara sita au zaidi kwa siku, na anayenyonya maziwa ya mama anaweza kujisaidia karibu kila anaponyonya. Weka nepi kumi hadi kumi na mbili kwa usiku na mchana. Nguo ya juu inaponea, lakini atacheua, nepi itavuja, kwa hiyo weka tatu, nne. Sasa angalia unafua mara ngapi na nguo zinakauka kwa muda gani. Hapo ndipo Dodoma inapokuwa rafiki ya maskini. Juni hapa hakuna mvua, hewa ni kavu na upepo hauchoki. Nepi nyepesi ukiianika saa tatu asubuhi, saa sita unaikunja. Dada yangu yuko Bukoba. Ananiambia msimu wa mvua nepi inaweza kulala kambani siku mbili na bado ina ubaridi. Yeye kweli anahitaji dazeni tatu. Sisi tulihitaji mbili, na tungebanwa sana tungeishi na moja na nusu.

Shida ya Dodoma ni maji yenyewe. Mtaani kwetu yalikuwa ya mgao, na siku yasipotoka unamsubiri mtu wa toroli akuuzie dumu kwa shilingi mia tano. Nepi za siku moja, ukifua na kusuuza mpaka sabuni iishe, zinakula dumu moja na zaidi kidogo. Ukinunua nepi chache mno utalazimika kufua hata siku ya maji ya toroli. Ukinunua nyingi mno umelaza hela sandukuni. Idadi tuliyofikia ilikuwa nepi 24, nguo za ndani saba na ovaroli za kulalia tano. Tuliziandika upya kwenye daftari na jirani akaweka alama ya vema kama mwalimu.

Jambo la pili lililotuongoza ni majira. Mtoto alitarajiwa mwishoni mwa Juni, katikati ya kipupwe. Wageni wanaijua Dodoma kwa joto, lakini Juni na Julai usiku joto linashuka hadi kama nyuzi 14, na upepo unapita chini ya mlango. Mchana saa nane uko nyuzi 26 au 27 chini ya bati, unatoa jasho. Kwa hiyo lile blanketi nene la manyoya ambalo kila mtu anakushauri halikusaidii sana, maana mchana ni jingi na usiku likidondoka mtoto anabaki wazi. Kinachofaa ni nguo nyepesi nyepesi unazoweza kuongeza na kupunguza: ya pamba ndani, ovaroli juu, sweta la kufuma, kisha kanga au kiblanketi. Jua likipanda unavua moja, likishuka unarudisha.

Sasa soko la Sabasaba, kwenye mitumba. Mwanaume kuinama kwenye fungu la nguo za watoto, katikati ya akina mama, kuna haya yake. Siku ya kwanza nilipita kama ninakwenda kwingine. Aliyeniita ni mama mmoja wa makamo, Mgogo, "Mbukwenyi, kaka, unatafuta za umri gani?" Nikamwambia hajazaliwa. Akacheka, akanisogezea kigoda.

Mambo ninayoyajua kuhusu nguo za vichanga nimefundishwa kwenye kigoda kile. La kwanza ni kuuliza robota, lile furushi la mitumba, limefunguliwa lini. Robota la watoto likifunguliwa asubuhi, nguo kali zinaanzia elfu tatu na wachuuzi wadogo ndio wanaozigombea. Siku zikipita zile zile zinashuka hadi buku jero, halafu buku, na mabaki yanamwagwa chini kwa jero. Kwa nguo ya mtu mzima mabaki ni mabaki kweli. Kwa kichanga sivyo, maana mtoto wa Ulaya aliivaa wiki tatu ikambana, mama yake akaifungasha. Kwenye fungu la jero utakuta nguo ambayo haijapauka hata kidogo, imeachwa tu kwa sababu ina doa la maziwa kifuani.

La pili ni namba. Niliona kibandiko kimeandikwa 56, nikauliza. Kijana wa meza ya pembeni akadakia kwamba ni ya wiki 56. Mama yule akamtazama tu. Zile namba za nguo za kutoka Ulaya, 50, 56, 62, 68, ni urefu wa mtoto kwa sentimita. Kichanga aliyetimiza miezi huzaliwa na urefu wa karibu sentimita 50, na akifika miezi mitatu anakaribia 60. Kwa hiyo 56 ndiyo ya kununua kwa wingi wa wastani, 62 ongeza chache, na 50 chukua moja au mbili tu kama umeambiwa mtoto anaweza kuwa mdogo. Nguo za Marekani na Uingereza mara nyingi zinaandikwa miezi. Hizo usiziamini sana, ziweke juu ya yenye namba ulinganishe.

La tatu ndilo lililonifurahisha zaidi. Alichukua ile nguo ya ndani yenye vifungo vya kubonyeza kati ya miguu, akanionyesha mabegani. Kwenye nyingine kola ni duara la kawaida, imeshonwa ikaisha. Kwenye nyingine kipande cha mbele na cha nyuma vinapandana begani bila kushonwa pamoja, vimelaliana tu. Akaingiza mikono miwili, akavuta, kola ikafunguka mpaka upana wa mabega. "Mtoto akijichafua mpaka mgongoni, hii huivulii kichwani. Unaishusha chini, inatokea miguuni." Miaka yote nimeona nguo za watoto zina mabega ya hivyo, nikidhani ni urembo. Tangu hapo sikuchukua nyingine.

La nne ni kitambaa, na hili nililijua mwenyewe kutokana na matambara ya kazini. Pamba inanyonya jasho, nailoni na poliesta zinalibakiza kwenye ngozi. Mkononi vinaweza kufanana, hasa vikiwa vimefuliwa sana. Vuta uzi mmoja kwenye kitambaa chenyewe, kwenye pindo la ndani. Usivute uzi wa kushonea, kwa sababu hata nguo ya pamba tupu inaweza kuwa imeshonwa kwa uzi wa poliesta, utadanganyika. Uchome kwa kiberiti. Pamba inawaka, inanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Poliesta inajikunja, inayeyuka na kubaki kitone kigumu. Fanya hivyo mbali na meza ya mtu. Nilipowasha kiberiti mara ya kwanza, mama yule aliruka: "Kaka, unataka kunichomea mtaji?"

Mengine kwa haraka. Kofia yenye kamba za kufunga shingoni, kata kamba au iache sokoni. Vifungo vya kushona na maua ya kubandika yanayong'oka, yavute kwa nguvu pale pale, yakilegea usichukue. Zipu isiyo na kitambaa nyuma yake itamkwaruza shingo. Glovu na soksi za kufuma zigeuze nje ndani uangalie nyuzi zilizoning'inia, maana uzi mmoja unaweza kujizungusha kwenye kidole cha kichanga ukakaza damu isipite, na yeye hawezi kukwambia zaidi ya kulia. Soksi tulinunua mpya, buku buku, dukani. Hapo sikutaka ubishi na mama mkwe kuhusu mitumba.

Nilimweleza mama yule hali ya nyumbani. Akanifungia mfuko wa nguo kama thelathini, mali kauli, kwa kuacha elfu kumi na namba ya simu. "Mpelekee mwenzio achague. Atakazokataa rudisha kesho." Jioni ile mke wangu alizimwaga zote kitandani, akazipanga kwa rangi, akazipangua, akazinusa, akakataa nyingi nilizodhani ni nzuri na kuchukua moja ya njano yenye bata ambayo mimi nisingeigusa. Alikaa nazo mpaka usiku. Ukiwa na mgonjwa ndani, omba mali kauli. Wauzaji wengi hawatakupa, ila huyo mmoja atakayekubali ndiye utakayerudi kwake miaka yote.

Kwenye nepi tuliokoa zaidi. Nepi za taulo za dukani ni nzuri lakini ni nzito, zinakula maji na sabuni, na dazeni mbili zingemaliza karibu nusu ya laki. Tulinunua mashuka mawili ya pamba ya mtumba, makubwa ya kitanda cha watu wawili, yaliyolainika kwa kufuliwa, elfu tano kila moja. Kwa sentimita 60 kila upande shuka moja linatoa nepi kumi na mbili. Fundi cherehani wa mtaani alipinda kingo kwa mia mbili kila moja. Ukikunja mara mbili na kuweka kitambaa kingine katikati, inafanya kazi sawa na ya dukani, na inakauka nusu ya muda. Kwa vile vitambaa vya katikati nilipanga kukata fulana zangu za kampeni za uchaguzi, nilikuwa nazo nyingi za kuvaa kazini. Zile nilizozichoma uzi ziliyeyuka karibu zote, nikarudi kwenye kanga kuukuu ya mke wangu, ambayo ndiyo kitambaa laini kuliko vyote ndani ya nyumba yoyote ya Mtanzania.

Pampasi hatukuzikataa. Tulichukua pakiti moja ya elfu kumi na mbili kwa ajili ya usiku na safari za kliniki. Zikiisha, kwa mangi wanauza moja moja. Bei ya moja moja ni kubwa ukiihesabia, lakini siku huna elfu kumi na mbili unayo mia tano.

Kufua. Nguo za mtumba zinakuja na harufu yake, na nyingine zimehifadhiwa na vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo, nafthalini. Hapa naomba usome taratibu. Nafthalini inaweza kuharibu chembe nyekundu za damu za mtoto aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali ya kurithi ambayo huku kwetu Afrika ipo kwa watu wengi bila wao kujua, na kichanga akapata manjano makali. Nguo au blanketi lenye harufu ile usimfunike nalo mtoto, hata kama limetoka sandukuni kwa bibi kwa upendo wote. Sisi zote tuliloweka kwenye maji ya moto, tukafua kwa sabuni ya mche, tukasuuza mpaka maji yakawa meupe, tukaanika juani na kuzirudia. Zilizobaki na harufu hazikuingia kwenye mfuko wa mtoto. Sabuni za unga zenye manukato na dawa za kulainisha nguo tuliziacha.

Vumbi nalo ni la kwetu. Upepo wa Dodoma unakausha nepi na kuirudisha nyekundu. Tulihamisha kamba kutoka uani, ambako magari yanapita, tukaifunga kati ya ukuta na mwarobaini, tukaanika nguo zikiwa zimegeuzwa nje ndani, na kuzianua mara zinapokauka bila kungoja jioni. Halafu pasi ya mkaa, kila kitu, mpaka nepi, na kwenye pindo zaidi. Wazee wanasisitiza pasi kwa sababu kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa za kivulini au zilizotandazwa chini, na funza wake anaingia kwenye ngozi ya anayevaa. Joto la pasi linayaua.

Binti yetu alizaliwa mwishoni mwa Juni, usiku, kilo 2.6. Kati ya vyote nilivyobeba kwenye beseni, usiku ule vilitumika kofia, soksi, nepi na kanga mbili. Walimkausha, wakamlaza kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi, wakawafunika wote kwa kanga. Ovaroli yenye bata ilikaa mfukoni mpaka kesho yake. Hakuogeshwa siku hiyo. Nesi alisema wanasubiri saa 24 zipite kwanza, kichanga asipoteze joto, na huo ndio ushauri wa Shirika la Afya Duniani pia. Kwa hiyo usihangaike na nguo ya kumtolea hospitali ukasahau kanga. Chukua nne kama unazo, zilizofuliwa. Na kwa siku mbili tatu za mwanzo mwekee nepi za rangi ya giza, vipande vya kanga kuukuu, kwa sababu kinyesi cha kwanza ni cheusi na kinanata, na shuka jeupe halisahau.

Nyumbani vita vilikuwa vya kumvika. Mama mkwe alikuja kutoka Mpwapwa kumlea mzazi, na kwake mtoto asiyeonekana pua tu ni mtoto aliyetupwa. Saa saba mchana, chini ya bati, binti yuko na nguo ya ndani, ovaroli, sweta, kofia na blanketi. Siku chache baadaye shingoni pakatoka vipele. Mimi nikamlaumu mkwe kimoyomoyo, mkwe akalaumu mitumba kwa sauti. Siku ya kliniki nesi alimvua viwili, akatuambia tusimpime joto mikononi wala miguuni, kwa sababu mikono ya kichanga huwa baridi hata akiwa sawa. Mguse kifuani au nyuma ya shingo. Pakiwa na jasho punguza, pakiwa baridi ongeza, na kwa kawaida mtoto avae nguo moja zaidi ya uliyovaa wewe. Vipele vikaisha. Lakini usiku mama mkwe alikuwa na haki, na nilimwambia. Bati lile lile linalotuchoma mchana linageuka barafu saa tisa alfajiri, na sweta alizoning'ang'aniza kununua ndizo zilizotuvusha Julai.

Kitovu kilipokuwa hakijadondoka, nepi tulikuwa tunaikunjia chini yake, mkojo usikilowanishe na kitambaa kisikisugue. Zile nguo za ndani za 56 zilikuwa zinampwaya, na hilo likawa jema kwa kitovu. Suruali zenye mpira wa kubana kiunoni hazikuvaliwa mpaka kilipopona.

Wageni wa kuja kumwona mtoto walileta sabuni, sukari, kanga, na nguo nyingi. Karibu zote zilikuwa za ukubwa mmoja, na zote zilifika ndani ya mwezi mmoja, kwa hiyo nyingine zilimpita hazijavaliwa. Mtu akikuuliza alete nini, mwambie bila aibu: sabuni ya mche, au nguo ya miezi sita. Na mtajie ni mwezi gani atakuwa na miezi hiyo. Shemeji yangu alileta koti zuri la manyoya la 68. Lilimtosha binti Desemba, nyuzi 30, mvua ndiyo zinaanza.

Hesabu ya mwisho, kwa bei za wakati ule. Nguo za ndani saba, 10,500. Ovaroli tano, 12,500. Sweta mbili, 8,000. Kofia tatu, 3,000. Soksi pea nne, 4,000. Viblanketi viwili vya mtumba, 8,000. Mashuka 10,000 na fundi 4,800. Chupi tatu za nailoni za kuvalisha juu ya nepi, 4,500, na pini 1,000. Pampasi 12,000. Miche miwili ya sabuni, 7,000. Jumla 85,300. Iliyobaki iliishia kwa mtu wa toroli.

Nguo za 56 zilipombana tulizifua, tukampa binti wa jirani aliyekuwa mjamzito, isipokuwa ile ya bata ambayo mke wangu hataki isogezwe. Desemba alikwenda Sabasaba mwenyewe, mtoto mgongoni, akanunua sweta mbili za 80 kwa buku moja moja. Joto la Desemba hakuna anayegusa sweta, bei inakuwa ya kutupa. Juni ijayo binti atakuwa na mwaka, na kipupwe kitamkuta anatembea au anakaribia.